Mwana Kupona Mnamtaja Sana, Lakini Hamjamsoma

Kuna jina moja ambalo likiingia kwa ubishi wa wanaume na wanawake, ubishi unakwisha kabla haujaanza. Mwana Kupona. Msee akitaka kuwaambia wasichana wa siku hizi hawana adabu, anamtaja Mwana Kupona. Dada akitaka kuonyesha venye wanawake wamekandamizwa tangu enzi za kale, anamtaja huyo huyo. Kwa sherehe za kumshauri bibi harusi, lazima kuna shangazi atamwingiza. Na kwa darasa la fasihi wengi wetu tulipewa sentensi moja: alitunga utendi wa kumfundisha binti yake kumtii mume. Kisha tukahesabu mizani, nane kwa nane, tukafunga daftari.

Mimi nasema hivi. Wanaomsifu na wanaomlaumu wanamwongelea mtu ambaye hawamjui. Huyu mama alikuwa mjane wa mtawala, mgonjwa, kwa mji uliokuwa umezozana na dola kubwa kuliko zote za pwani hii, na alikuwa na binti ambaye hajui kesho itakuwaje. Alichotunga ni wasia. Ukiondoa hiyo historia, unasoma maneno ya mtu anayejiandaa kuaga dunia kana kwamba ni orodha ya kazi za nyumbani.

Sasa usiniulize mtu wa Machakos anatafuta nini kisiwani Pate. Tutafika huko, na utaona sisi pia tumo.

Tuanze na mji. Siyu iko kisiwa cha Pate, kaunti ya Lamu, pamoja na miji kama Pate yenyewe na Faza. Kufika huko kwa mashua unapita mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na maji yakipwa, unangoja. Leo ukiiona unaweza kuiita kijiji. Lakini karne ya 18 na ya 19, Siyu ilikuwa mji wa mafundi na wanazuoni. Walikuwepo washonaji wa viatu vya ngozi, wachonga milango, na waandishi wa misahafu.

Hapo kwa misahafu tusimame kidogo. Kabla ya vitabu vya kuchapwa kuenea pwani, Kurani iliandikwa kwa mkono, neno kwa neno. Karatasi ilikuwa inatoka Ulaya kwa meli. Mwandishi anaandika kwa wino mweusi na mwekundu, anazungushia mapambo ya rangi, anachora mistari iliyosukana pembeni mwa ukurasa kama mkeka. Misahafu ya Siyu ilikuwa na mtindo wake, na hadi leo wataalamu wakiona mmoja wanaweza kusema huu ni wa huko.

Kazi kama hiyo ina gharama, bana. Kuna mtu lazima alipe karatasi. Kuna mtu lazima amlishe mwandishi siku zote ambazo hashiki jembe wala nyavu. Na mara nyingine msahafu ukishakamilika unawekwa wakfu, yaani unatolewa kwa ajili ya Mungu, hauuzwi tena. Nyuma ya kila kitabu kizuri cha dini kulikuwa na mwenye mali.

Watawala nao waliagiza mashairi. Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo bin Athumani alitunga utendi mrefu sana kuhusu vita vya Waislamu na mfalme Herekali wa Rumi. Aliuagiza sultani wa ukoo wa Nabhani, na ulitungwa kwenye jumba lake. Watu wanauita Utendi wa Tambuka, lakini jina lake lingine ni Chuo cha Herekali. Na hapa nicheke kidogo: kwa Kiswahili cha zamani, chuo ni kitabu. Mimi niliacha chuo kikuu, hilo mnalijua. Lakini kwa lugha ya Mwengo bado sijaacha chuo.

Sasa ndio Ukambani inaingia. Unamkumbuka Krapf, yule mmishonari Mjerumani wa kwa vitabu vya historia? Mwaka 1849 alikuja hadi Kitui kwa Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, na 1851 alikuwa naye safarini walipovamiwa karibu na mto Tana na Kivoi akauawa. Huyo huyo Krapf ndiye alipeleka Ujerumani hati ya Herekali, miaka hiyo hiyo ya 1850. Yaani mtu mmoja alijua njia ya kwa wahenga wetu na pia alijua thamani ya tenzi za Pate. Misafara ya Wakamba ilikuwa inashuka Mombasa na pembe, majahazi yanavuka na bidhaa, na pesa za pwani zinageuka kuwa milango ya kuchonga na vitabu. Kwa hivyo tukisema hiyo ni historia ya watu wa pwani peke yao, tunajitoa wenyewe kwa hadithi ambayo mababu zetu walishiriki, hata kama ni kwa kubeba mzigo.

Watu wa tabaka la juu kutunga mashairi ya dini na kulisha wasanii si jambo la hapa tu. Ufaransa kulikuwa na Marguerite wa Navarre, dada yake mfalme François wa Kwanza. Alizaliwa 1492, akafa 1549. Aliwalinda waandishi na wanazuoni waliokuwa wanawindwa kwa sababu ya imani zao, na mwenyewe alitunga. Shairi lake refu kuhusu nafsi inayotubu lilichapishwa 1531, na miaka miwili baadaye wasomi wa dini wa Sorbonne wakalishuku na kulipinga. Wazia, dada ya mfalme! Halafu 1544, huko Uingereza, msichana wa miaka 11 akalitafsiri shairi hilo kama zawadi kwa mama yake wa kambo. Msichana huyo ndiye alikuja kuwa Malkia Elizabeth wa Kwanza.

Namtaja kwa sababu moja. Ukisoma habari za Marguerite, kila mtu anaanza na siasa: kaka yake alikuwa nani, vita gani vilikuwa vinaendelea, nani alitaka kumnyamazisha. Hakuna anayelisoma shairi lake bila kuuliza alikuwa kwa hali gani. Lakini Mwana Kupona wetu tunamsoma kama mtu ambaye hakuishi mahali popote, hakuwa na adui, hakuwa na mwaka.

Basi tumpe mwaka wake. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa kisiwani Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Huo ndio wakati mambo yalikuwa yanapinduka. Karibu mwaka 1812, Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa walishindwa na watu wa Lamu kwenye vita vya Shela. Lamu wakaogopa kulipiziwa kisasi, wakaita ulinzi kutoka Oman. Mlinzi akija nyumbani kwako, unajua venye inakuwanga: haondoki. Baadaye Seyyid Said akahamishia makao yake Zanzibar, na mji mmoja baada ya mwingine ukatakiwa kuinama.

Siyu ilikataa. Mtawala wake alikuwa Bwana Mataka, na Mwana Kupona ndiye alikuwa mke wake wa mwisho. Miaka ya 1840 Seyyid Said alituma jeshi Siyu, na jeshi likapigwa, hata kamanda wake akauawa. Ngome ya Siyu bado imesimama ufuoni kuwakumbusha watu enzi hizo. Kitu kimoja kuihusu ni muhimu sana: Fort Jesus ilianzishwa na Wareno mwaka 1593, ngome ya Lamu ilikamilika chini ya mkono wa Waomani, lakini ya Siyu ilijengwa na wenyeji. Watu wengi wanaihusisha na Bwana Mataka mwenyewe.

Kwa hivyo huyu si mama fulani tu wa uani. Aliolewa na mtu ambaye jina lake lilikuwa linawakosesha usingizi watu wa Zanzibar. Aliishi ndani ya nyumba ambamo habari za vita, za mapatano na za usaliti zilikuwa zinaingia mlangoni kila wakati. Wakapata watoto wawili, msichana anaitwa Mwana Hashima, na mvulana anaitwa Muhammad.

Bwana Mataka akafariki, inasemekana 1856. Miaka miwili baadaye, 1858, sawa na mwaka 1275 wa Hijria, Mwana Kupona anaugua, na ugonjwa haumwachilii. Anamwita binti yake. Inaelezwa kuwa Hashima alikuwa na miaka 17 hivi. Anamwambia aje karibu na karatasi na wino, ana neno la kumwambia.

Hebu simama hapo. 1858. Ni miaka 31 kabla ya kampuni ya Waingereza kuweka kituo chake hapa Machakos, mwaka 1889. Nairobi haipo. Reli haipo. Na ndani ya nchi ambayo leo inaitwa Kenya, mama anamwambia binti yake alete vifaa vya kuandikia, na haoni kwamba ameomba kitu cha ajabu. Anayesema wanawake wa zamani hawakuwa wamesoma, aanze kwa kueleza hilo.

Na utendi wenyewe unasemaje? Unaanza na Mungu. Dini kwanza, kisha ulimi: sema kweli, usimseme mtu, usiongee usichokijua, heshimu watu, jua kufanya mzaha bila kuumiza. Hayo yote yanakuja kabla ya mume. Yakifika ya mume, ni kweli, ni mengi, na hayafichi kitu. Radhi zake zinahesabiwa pamoja na za Mungu, Mtume, baba na mama. Umpepee akilala. Umkande. Umtie manukato. Utoke kwa ruhusa yake.

Lakini kuna mahali ambapo wasee wanaopenda kumtaja huwa hawafiki. Anamwambia binti amtunze mume kama mtoto ambaye hajajua kunena. Ndugu zangu, mmesoma hapo? Mwenye nyumba, simba wa nyumba, analinganishwa na mtoto mchanga! Wako wanaosoma hapo na kuona kejeli ya chini chini, na wako wanaoona ni upendo tu. Mimi naona mama ambaye ameishi na mtawala hadi kifo chake, na anajua wanaume wenye mamlaka wakoje wakirudi nyumbani wakivua upanga.

Kisha anasimulia ndoa yake: waliishi bila ugomvi, na mume aliondoka duniani akiwa radhi naye. Halafu inakuja sehemu ndefu ya mwisho, na hii ndio inanigusa. Dua. Anawaombea watoto wake. Anawaombea ndugu na jamaa. Anaomba apone. Anawakabidhi kwa Mungu kwa sababu hana tena mtu wa kumkabidhi. Mume ameenda. Mji wake uko na adui mkubwa. Yeye mwenyewe anajiona anaisha. Mwisho kabisa anawaalika wanawake wote wasome. Hakusema wanaume wasome ili wawasomee wake zao. Alisema na wanawake.

Sasa unganisha. Msichana wa miaka 17, yatima wa baba, mama anaelekea kaburini, ukoo wake una maadui wenye jeshi. Kwa dunia ile, ni kitu gani kingemlinda? Si ngome, ngome zinaanguka. Si jina la baba, jina la baba ndio lilikuwa shida. Kilichobaki kilikuwa ndoa nzuri, sifa nzuri na kibali cha Mungu. Mama anampa binti yake silaha zile tu ambazo dunia ile ingemruhusu ashike. Mimi sikubaliani na mengi aliyomwambia Hashima kuhusu mume. Ningekuwa na dada, nisingemwambia aombe ruhusa ya kutoka nje. Lakini naelewa kwa nini aliyasema, na kuelewa si kukubali.

Na tusimsafishe pia. Mwana Kupona anamwambia binti asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Mstari huo una uzito. Muda wa yeye kusoma, kutunga na kukaa na wino ulipatikana kwa sababu kuna watu wengine waliokuwa wanateka maji, wanatwanga na kulima bila malipo na bila uhuru. Wao hawakuandikiwa wasia. Marguerite naye aliishi kwa jasho la wakulima wa Ufaransa. Sanaa nyingi nzuri za dini duniani zina deni hilo, na ukizipenda bila kulitaja unakuwa umeshiriki kuficha.

Swali linabaki: kama utendi una dini, una adabu, una historia ya ndoa, una dua ndefu, nani alituambia ni kitabu cha wajibu wa mke? Angalia njia yake. Ulinakiliwa kwa mkono, ukapita kutoka mtu hadi mtu visiwani. Watu kama Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mchonga milango na bingwa wa hati za Kiarabu, ndio waliotunza tenzi nyingi za zamani na kuzinakili kwa ajili ya watafiti wa Kizungu. Mtafiti Mwingereza, Alice Werner, akauchapisha utendi huu 1917. Kisha 1934 yeye na William Hichens wakautoa kama kitabu Uingereza, na jina walilokipa kwa Kiingereza linamaanisha ushauri wa Mwana Kupona kuhusu wajibu wa mke.

Umeona? Hilo jina si la mama. Hilo ni jalada lililowekwa miaka zaidi ya 70 baada ya wasia wenyewe, nchi nyingine, kwa lugha nyingine. Sisi tukalichukua jalada tukaliita kitabu. Sisemi Werner na Hichens walikuwa na nia mbaya; bila kazi yao huenda wengi wetu tusingeupata. Lakini wakichagua sehemu moja kuwa jina la kitu chote, wamekuonyesha mahali pa kutazama, na tumekuwa tukitazama hapo hapo hadi leo.

Mwisho wa Siyu ulikuja haraka. Mwaka 1863, miaka mitano baada ya utendi, Sultan Majid wa Zanzibar aliiangusha. Ule upinzani wa Bwana Mataka ukaisha. Mji wa misahafu ukapungua watu na mafundi. Ngome iko, makumbusho ya taifa wanaitunza, watalii wachache wanapiga picha. Lakini ngome haikwambii Bwana Mataka alikuwa mtu wa aina gani akiwa nyumbani, wala mkewe aliogopa nini usiku. Hayo yamebaki kwa utendi.

Fikiria jambo hili. Herekali ilihitaji sultani wa kuiagiza na jumba la kutungiwa. Misahafu ya Siyu ilihitaji matajiri. Utendi wa Mwana Kupona haukuagizwa na mtu yeyote. Mwenye kuagiza ni yeye, mwenye kutunga ni yeye, na karatasi imeletwa na binti yake. Mtu wa ukoo mkubwa, ambaye angeweza kukumbukwa kwa dhahabu na milango ya nakshi, alitumia nguvu zake za mwisho kwa kitu ambacho maskini yeyote anayejua kusoma anaweza kukinakili na kwenda nacho. Ndio maana kimefika hadi kwetu Masaku, ambapo hakuna bahari wala mkoko.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Shangazi akimtaja kwa sherehe ya bibi harusi, mwambie asome na dua pia, asiishie kwa kupepea. Msee akimtumia kuwagombeza wasichana, muulize Siyu iko wapi. Dada akimkataa, amkatae baada ya kumsoma, hiyo ni haki yake. Na mwalimu wa fasihi, kama unasoma hapa: kabla ya kuhesabu mizani, waambie wanafunzi wako kwamba Hashima alikuwa rika lao, na kwamba mama yake alikuwa anaumwa.